Nikiendesha mimi taa inawaka, akiendesha mume wangu inazima

Mama mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, mtumishi wa umma hapa Mtwara mjini, na tunaishi Chuno. Safu yako naisoma siku zote, na naona wenzangu wanavyokuandikia kuhusu mawifi, nyumba ndogo na waume wasioacha matumizi. Mume wangu hana hayo. Kinachotugombanisha ni gari, na ugomvi wenyewe umefika mahali tunaamka, tunapangiana nani atawafuata watoto, tunaagana, basi.

Gari tulinunua mwaka juzi. Ni SUV ndogo ya dizeli iliyotumika Japan, cc 2200, viti vitano, buti pana. Mume wangu ndiye aliyelichagua. Usiku alikuwa anakaa na simu akilinganisha magari, ananiamsha kunionyesha picha. Alisema petroli itatumaliza, dizeli ina nguvu na inakwenda mbali, na ni kweli siku alipolitoa Dar kulileta huku alilisifia njia nzima. Pesa zilitoka sehemu mbili: korosho za shamba lake la Newala, maana msimu ule bei mnadani ilikuwa nzuri, na mkopo wangu wa SACCOS ambao mpaka leo unakatwa kwenye mshahara wangu. Kadi ya gari ina jina lake peke yake. Wakati ule sikuona neno. Yeye ndiye aliyekuwa akihangaika na wakala bandarini, mimi nilikuwa na mtoto mchanga nyumbani.

Siku za kazi gari liko mikononi mwangu. Natoka Chuno, nawashusha watoto shule, naenda ofisini Shangani. Mchana nawafuata, nawarudisha nyumbani, narudi kazini. Jioni napitia sokoni au feri kama kuna samaki. Ukijumlisha siku nzima natembea sana, ila kila safari ni fupi. Kuna ile taa ya bluu ya injini ikiwa bado baridi. Mara nyingi inazima nikiwa ndiyo kwanza nakunja kuingia getini kazini. Mume wangu ana pikapu ya kazi, yeye gari hili analichukua mwisho wa wiki kwenda Newala kwa mama yake, na zikifika siku za kliniki anamleta mama hospitali ya kanda pale Mitengo, kisha anamrudisha.

Taa ya njano ilianza kuwaka baada ya miezi kadhaa. Ina alama kama kopo lenye vitone ndani. Fundi wa kwanza alichomeka kompyuta yake, akaifuta, akachukua hela. Ikarudi. Tukampelekea tena, ikafutwa, ikarudi. Mume wangu akienda Newala, akirudi taa imezima yenyewe na gari linavuta vizuri. Jumatatu naanza mizunguko yangu, wiki haiishi, imewaka. Fundi wa pili akasema hiyo ni DPF, yaani chujio la moshi, imeziba, dawa yake ni kuikata kwenye eksozi, kuchomelea bomba tupu na "kuidanganya" kompyuta. Anasema mjini hapa ameshakata nyingi na wenyewe wanatamba nazo.

Jumapili moja nilifungua boneti mwenyewe, nikachomoa kijiti cha oili, nikakifuta kwa kitambaa, nikakirudisha na kukichomoa tena. Nilitegemea oili itakuwa imepungua. Imepanda! Imevuka alama ya F, nyepesi kama maji ya mchele, na ukinusa ni dizeli. Nikamwita mume wangu aone. Akasema fundi alizidisha wakati wa sevisi, nisijitie ufundi.

Tangu hapo maneno yamekuwa yaleyale. Mimi ndiye nisiyejua kuendesha dizeli. Nazimazima gari. Nakanyaga kanyaga. Siku mdogo wake alipokuja, akamwambia mbele yangu, chai iko mezani: "Gari hili mke wangu kaliua." Sikujibu kitu kwa sababu ya mgeni, lakini sijalisahau.

Sasa amepata mnunuzi, na mnunuzi huyo nimemleta mimi bila kujua. Ni kijana tunayefanya naye kazi, ananiita dada, amechukua mkopo wa mshahara atafute gari la familia. Alinisikia nikisema huenda tukauza. Mume wangu amefurahi. Mpango wake ni kupeleka gari kwa fundi, taa ifutwe, injini ioshwe, kijana apelekwe mpaka Mikindani na kurudi, alipe. Akaniambia nisitie neno, gari ni lake na kadi ni yake.

Mimi moyoni nataka kigari kidogo cha petroli kitakachonifaa mjini. Yeye anauliza hicho kigari kitabebaje watoto watatu na mama yake kwenye tope la Newala masika, na hapo sina jibu.

Mama, nikae kimya kijana auziwe? Nimwambie ukweli na kumwaibisha mume wangu? Tukate hiyo DPF tuendelee na maisha? Na swali linaloniuma zaidi: ni kweli nimeliua gari?

Mama wa watatu, Chuno, Mtwara

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako mara ya kwanza kama mama, kisha nikaisoma pamoja na fundi mzee ninayemwamini, aliyezeeka na injini za dizeli, maana sikutaka kukujibu kwa kubahatisha kwenye jambo ambalo limefika hadi mezani mbele ya shemeji yako.

Kwa jinsi nilivyokuelewa, mambo manne yamekukalia kwa pamoja. Gari lina tatizo linaloondoka na kurudi. Mumeo ameshaamua kwamba tatizo ni mkono wako. Kuna kijana anayekuamini anayetaka kulinunua kwa hela ya mkopo. Na kuna pesa yako ndani ya gari lisilo na jina lako. Kila moja peke yake mngeliweza. Yote manne kwa wakati mmoja, sishangai mmebaki kusalimiana.

Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu naona ndilo linalokunyima usingizi. Umeandika jambo kubwa ukalipita haraka: akirudi Newala, taa imezima yenyewe. Hebu lirudie hilo. Mumeo analiona hilohilo, na hitimisho lake ni kwamba akiendesha yeye gari linapona, ukiendesha wewe linaugua. Kwa macho, ndivyo ilivyo. Lakini kilichobadilika hapo si dereva peke yake. Kimebadilika na urefu wa safari.

Fundi alinieleza hivi. Dizeli ikiungua inatoa masizi. Magari haya ya miaka ya karibuni yamewekewa chujio kwenye eksozi, ndiyo hiyo DPF, inayoyakamata masizi yasitoke hewani. Chujio likijaa kiasi fulani, gari linajisafisha lenyewe: linapuliza dizeli ya ziada, moto kwenye chujio unapanda hadi nyuzi kama 600 za Selsiasi, masizi yanateketea. Kazi hiyo inataka injini iwe imepata moto sawasawa na gari litembee kwa mwendo wa kutulia, kama dakika 15 hadi 20 bila kukatizwa. Njia ya Newala inaipa gari nafasi hiyo. Chuno hadi Shangani haiwezi kuipa, hata akiendesha nani. Injini inapata joto, inaanza kujisafisha, wewe unafika na kuzima. Kesho tena.

Hiyo oili iliyopanda ndiyo habari ya pili ya jambo lilelile. Kusafisha kukikatizwa, ile dizeli ya ziada isiyoungua inateremka kwenye kuta za silinda hadi kwenye oili. Oili inaongezeka wingi na kupungua nguvu, inakuwa nyepesi kama ulivyoiona. Inawezekana kweli fundi alizidisha wakati wa sevisi, siwezi kumkatalia mumeo bila kuwapo. Ila oili iliyozidishwa tu hainuki dizeli. Pua yako ilikuambia kitu, na sikuoni kama uliyejitia ufundi. Ulifanya ambalo kila mwenye gari la namna hii angepaswa kulifanya mara kwa mara: kufungua boneti na kutazama.

Kwa hiyo, kwa hayo uliyoniandikia, sioni gari lililouawa na mwanamke. Naona gari la safari ndefu lililopewa kazi ya safari fupi, na uamuzi huo mliufanya wawili siku mnalinunua, bila yeyote kuwaambia. Wauzaji hawasemi hayo. Wanasema nguvu na ulaji mdogo wa mafuta.

Kabla sijaenda mbali, kuna moja ambalo halisubiri mazungumzo yenu yaishe. Hiyo oili ibadilishwe kabla gari halijaenda popote pa mbali. Vijiti vya baadhi ya magari haya vina alama ya X juu ya F; oili ikifika hapo maana yake ni kubadilisha mara moja. Oili iliyochanganyika na dizeli hailindi vyuma, tabo ndiyo inayoumia mapema, na ikizidi sana injini inaweza kuanza kuivuta na kuichoma oili yake yenyewe, hapo hata kuzima kwa ufunguo kunaweza kushindikana. Na mwambie fundi asiweke oili ya malori kutoka kwenye pipa. Gari lenye DPF linataka oili isiyoacha majivu mengi. Kwenye dumu tafuta maandishi JASO DL-1 au ACEA C3, kulingana na kitabu cha gari lako. Masizi yanaungua, majivu hayaungui. Yakijaa ndani ya chujio ni kulitoa na kulisafisha tu, au kununua jingine.

Sasa njia zilizo mbele yenu.

Mnaweza kubaki nalo kama lilivyo na kulipa kinachodai. Fundi mwenye kompyuta inayoweza kuliamuru gari lijisafishe likiwa limesimama, na si ya kufuta taa tu, anaweza kuwaambia chujio limejaa masizi kiasi gani na kama bado linasafishika. Ukifuta taa bila kutazama kilichoiwasha, unajinyima habari uliyokuwa unapewa bure. Baada ya hapo gari litahitaji kupelekwa barabarani kila wiki. Kwa Mtwara hilo linawezekana: unapita Mikindani, unashika barabara ya Lindi, unakwenda mwendo wa kutulia, unageuza. Vijijini kumbuka ni 50, watoto wako pembeni na trafiki wapo. Jifunze pia kulisikiliza. Likiwa linajisafisha huwa linavuma kidogo kuliko kawaida likisimama, na ukilizima feni inaendelea kuzunguka na kuna harufu ya joto. Ukiyaona hayo umefika getini, usizime. Kama una muda, zunguka tena kidogo. Ubaya wa njia hii ni kwamba inakula mafuta na inakula jioni zako, mama wa watoto watatu. Na ukiiona taa inawaka na kuzima haraka haraka, au gari limekosa nguvu, usitegemee barabara ya Lindi italiponya, hapo ni kwa fundi.

Spea nazo uzipigie hesabu. Vitu vingi vya gari hili vitatoka Dar kwa basi. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ilipokatika upande wa Somanga, mabasi yalikwama na kila kilichokuwa ndani yake kilikwama. Anayeishi Kusini na gari lisilo la kawaida anatakiwa awe na filta ya dizeli na filta ya oili za akiba nyumbani. Na dizeli ijazwe kwenye sheli inayouza sana, si kwenye vidumu vya njiani. Nchi za Afrika Mashariki zilikwishakubaliana tangu 2015 kwamba salfa kwenye dizeli isizidi sehemu 50 kwa milioni, na DPF inahitaji hivyo, lakini kidumu cha kando ya barabara hakina wa kukisemea. Maji kidogo au mafuta ya taa yakiingia, nozeli za injini hizi hazisamehi.

Kukata DPF, kama anavyosema fundi wa pili, ni kweli watu wengi wanafanya. Taa haitawaka tena na ile kazi ya kujisafisha itaondoka, ikiwa aliyegusa kompyuta anajua anachofanya. Akikosea, gari linaendelea kupuliza dizeli ya kusafisha chujio lisilokuwepo, na oili inaendelea kupanda. Kwa hiyo swali la kumuuliza ni hili: kompyuta anaiandika upya, au anaidanganya kwa kuchezea kihisio tu? Aliyekwishafanya nyingi hatashindwa kueleza. Nami nina langu la kusema hapa. Juni 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Gari lenu linasimama getini shuleni kila siku, watoto wako na wa wenzako wakiwa nyuma yake. Siwezi kulisema jambo la kukata bila kulisema na hilo.

Twende kwenye kuuza. Huyo kijana naye anafanya kazi Shangani, sivyo? Maana yake akilinunua atalipitisha njia zilezile unazopitisha wewe. Taa iliyofutwa Ijumaa itamwakia kabla mshahara wa kwanza wenye makato haujaingia, naye dawati lake liko karibu na lako. Hilo ni la utu. La sheria ni kwamba Sheria ya Mikataba inaihesabu hali ya kuficha kwa makusudi jambo unalolijua kuwa udanganyifu, na aliyedanganywa anaweza kudai mkataba uvunjwe. Mumeo anasema kadi ni yake. Basi na dai litakwenda kwenye jina lake. Sijui kama amelitazama upande huo. Pengine hajataka kumdhulumu mtu, pengine kichwani mwake taa ni kero ndogo na wewe ndiye tatizo, kwa hiyo haoni anachoficha. Ndiyo maana nisingependa umhukumu kuwa ni tapeli kabla hajaelezwa gari lina nini.

Kuuza na kusema ukweli kuna gharama yake: bei itashuka, na deni la SACCOS halitashuka. Lakini fikiria ni nani anayelihitaji gari hili. Si mtu wa Shangani. Kuna watu kila siku wako barabarani kati ya Mtwara na Masasi, kuna wa Lindi na Nachingwea, kuna wanaofuatilia korosho wilaya hadi wilaya. Kwa mtu wa namna hiyo dizeli hii ni gari zuri, na ukimwambia "lilikuwa linawaka taa kwa safari za mjini, huku barabarani inazima," umemweleza udhaifu na sifa yake kwa pamoja. Mnunuzi huyo anaweza kuchukua muda kumpata, na nyie muda mnaweza msiwe nao.

Kigari cha petroli nacho nakiunga mkono nusu. Kwa mizunguko yako ya mjini kinafaa kuliko hicho mlichonacho, hakina chujio la kukusumbua namna hii na spea zake nyingi unazipata hapahapa. Ila naomba ujiulize kitu kimoja: unakitaka kwa sababu kitakufaa, au kwa sababu gari likiondoka unaona na ugomvi utaondoka? Mkwe wako bado atakuwa Newala, na kliniki bado itakuwa Mitengo. Swali la mumeo kuhusu tope la masika ni swali la haki. Kama jibu ni kwamba siku hizo mama ataletwa kwa pikapu ya kazi au gari la kukodi, semeni wazi na mpige hesabu zake, msije mkanunua kigari kikawa chanzo cha maneno mapya.

Sasa mumeo. Ninavyomwona kupitia barua yako, ni mtu aliyekesha akichagua, akaweka korosho za shamba lake, akalisifia gari njia nzima kutoka Dar. Kukubali kwamba chaguo lake halikuendana na maisha ya Chuno kunamgharimu. Kusema "mke wangu kaliua" hakumgharimu sana, ila wewe ndiye uliyelipa. Simtetei. Neno lile mbele ya mdogo wake lilikuvunjia heshima, na una haki ya kumwambia hivyo, mkiwa wawili, bila kulichanganya na habari za oili. Ukiyachanganya atajibu ya oili na kuliacha lile.

Kuna jambo mnaloweza kulijaribu oili ikishabadilishwa na fundi akishasema gari ni salama kutembea. Badilishaneni. Wiki moja yeye alipeleke gari shule, Shangani, sokoni, feri, na wewe uende nalo Newala mwisho wa wiki, ukamsalimie na mkweo. Mpe kama ombi la kutaka kujua. Taa ikimwakia yeye mjini na kuzimika mikononi mwako barabarani, hakuna atakayehitaji kumshinda mwenzake kwa maneno. Naona na hatari yake: anaweza kuona ni mtego, au taa ikakaa kimya wiki hiyo na maneno yakaongezeka. Wewe unamjua, mimi simjui.

Kuhusu kadi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inachukulia mali yenye jina la mwanandoa mmoja kuwa ni yake, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yenye uzito kwako. Mkataba wako wa mkopo na karatasi za mshahara zenye makato ni ushahidi, zitunze vizuri. Sikuambii uende nazo popote. Nakuambia ili siku akisema "gari ni langu" usijisikie mgeni kwenye mali unayoilipia kila mwezi, na uweze kusema kwa utulivu, "Baba fulani, na mimi bado nalilipa." Gari likiuzwa, hela hiyo inakwenda wapi kwanza, kwenye deni au kwenye gari jingine? Hilo mlizungumze kabla mnunuzi yeyote hajalipa shilingi.

Mkishindwa wenyewe, huku kwetu Kusini kuna mjomba. Kama mumeo ana mjomba anayemsikiliza, au mshenga wenu bado yupo na ana busara, mmoja wao anaweza kukaa nanyi. Lipime tu vizuri: mwanaume aliyekwisha kuona aibu kwa sababu ya gari anaweza kuona amepelekwa barazani kwa sababu hiyohiyo, akafunga mlango zaidi. Wengine, badala yake, husikia kwa mjomba lile lile walilokataa kwa mke. Pengine fundi wa tatu, aliyechaguliwa na yeye mwenyewe, atawafaa kuliko mjomba.

Na yule kijana ofisini, huhitaji leo kuchagua kati yake na mumeo. Unaweza kumwambia, "Mdogo wangu, gari bado liko kwa fundi, tusubiri tujue hali yake." Ni kweli tupu, haimwaibishi mtu, na inakupa muda wa kuzungumza na mumeo kabla hela haijabadilisha mikono. Kama muda huo ukiisha na mumeo bado anataka lifichwe, swali lako litakuwa limerudi, zito kuliko sasa. Utakuwa unajua mengi zaidi, kwa hiyo utashindwa kusema hukujua. Hapo sitakuamulia, kwa kuwa wewe ndiye utakayelala nyumba moja na mumeo na kuamka kwenda ofisi moja na kijana yule. Ila ningependa uwe umemwambia mumeo mapema, kwa sauti ya kawaida, ni nini utaweza kunyamazia na nini hutaweza, asije akakisikia mara ya kwanza mbele ya mnunuzi.

Niandikie tena, mwanangu, ukishajua kijiti kinasomaje baada ya oili mpya na wiki ya kubadilishana imekwendaje. Na mumeo akitaka kuandika kwa upande wake, mwambie aandike, barua yake nitaisoma kwa moyo huohuo niliosomea yako.